E Iliyopotea Ubaoni: Mchongaji wa Vibao na Kiswahili cha Bustani za Burudani

Utangulizi

Karibu na mji wa Orlando, katika jimbo la Florida nchini Marekani, kuna mji wa pwani ya Afrika Mashariki ambao haumo katika ramani yoyote ya Afrika. Mji huo una ngome, soko, kituo cha gari moshi, baa na maduka. Kuta zake zimepasuka plasta, rangi yake imebambuka, na juu ya milango yake mna vibao vyenye maneno ya Kiswahili. Unaitwa Harambe. Ulifunguliwa tarehe 22 Aprili 1998, siku ilipofunguliwa bustani kubwa ya burudani iitwayo Disney's Animal Kingdom, na waliousanifu, wakiongozwa na Joe Rohde, walikuwa wamezuru Afrika Mashariki na kuichunguza miji yake, Lamu ikiwa mojawapo. Wageni wengi wanaoingia humo hawajakanyaga Lamu wala Mombasa. Kwao, neno la kwanza la Kiswahili kulitia machoni ni lile la kibaoni.

Mwanafunzi wa Kiswahili anapoliona jina la mji huo, jicho lake hukwama penye herufi ya mwisho. Neno analolijua ni harambee, lenye e mbili. La Florida lina moja. Tofauti ni ndogo, tena mtu angeweza kuipuuza kama kosa la karatasini linalofutwa kwa kifutio. Lakini jambo likishachongwa huwa na tabia nyingine kabisa. Makala haya yananuia kueleza kazi ya mchongaji anayetengeneza vibao vya vivutio katika bustani kama hizo: anachopewa, anachokifanya ubaoni, anachokatazwa kukifanya, na yanayoweza kuipata lugha inapopita mikononi mwa fundi asiyeisoma. Harambe imechaguliwa kwa sababu lugha inayochongwa pale ni ya msomaji wa jarida hili.

Mchoro, mbao na patasi

Bustani ya burudani ya aina hii si bustani ya maua. Ni kiwanja kikubwa cha kulipia ambamo kila sehemu imejengwa ili kufuata hadithi moja: hapa msitu wenye mto, pale kijiji cha wachimba dhahabu, kule bandari ya kale. Ndani ya kila sehemu mna vivutio, yaani safari za mashua au gari, maonyesho, mikahawa na maduka, na kila kivutio hakina budi kuwa na kibao mlangoni. Kibao hicho hufanya kazi mbili ambazo aghalabu hugombana. Kwanza, humwelekeza mgeni aliyechoka, mwenye watoto wawili mkononi, asiye na muda wa kusoma mara mbili. Pili, humdanganya mgeni yuyo huyo, kwa ridhaa yake mwenyewe, kwamba kilikuwapo mahali hapo miaka mingi kabla yeye hajafika.

Mchongaji huingia kazini hadithi ikiwa imekwisha kutungwa. Hupokea karatasi yenye mchoro wa ukubwa ule ule wa kibao kitakachotoka: umbo la herufi, rangi, kina cha mkato, mahali pa misumari. Hata nyufa zimechorwa. Karatasi hiyo hutobolewa vitundu vidogo kando ya mistari, ikalazwa juu ya ubao, kisha ikapigwapigwa kwa kifuko cha unga wa mkaa hadi umbo la maneno libaki mbaoni kwa nukta nyeusi. Hapo ndipo patasi inaposhika kazi. Ikiwa maneno ni ya lugha asiyoijua, fundi hana ila umbo la kufuata. Nukta za mkaa hazimwambii lolote juu ya maana.

Kwa muda mrefu mafundi wa vibao nchini Marekani wamependelea mbao za mwerezi na za redwudi, mti mkubwa wa pwani ya California, kwa kuwa ni laini kwa patasi na hustahimili kuoza na kuliwa na wadudu. Mbao kadhaa huunganishwa kwa gundi ubavu kwa ubavu ili kupata upana unaohitajika, nyuzi zake zikilala kutoka kushoto kwenda kulia. Herufi ya kuzama huchongwa kwa miteremko miwili inayokutana chini, mfano wa bonde jembamba. Fundi hukata kwanza mstari wa katikati, kisha huteremsha patasi upande huu na upande huu. Mstari unaokwenda sambamba na nyuzi huonekana rahisi, na hapo ndipo mwanagenzi anaponaswa, kwa kuwa patasi hupenda kufuata nyuzi na kuupasua ubao kuliko alivyokusudia. Mstari wa mviringo una taabu yake. Katika herufi O peke yake fundi hulazimika kubadilisha mwelekeo wa mkono mara nne, la sivyo mbao huchanika.

Hata hivyo, herufi inayomsumbua zaidi anayechonga Kiswahili ni A. Ndani ya A kubwa mna pembetatu ndogo iliyozungukwa na mikato pande zote tatu. Nyuzi za kipande hicho ni fupi mno, hazina pa kujishikia, na pigo moja lisilopimwa hukirusha kipande chote sakafuni. Kila fundi wa herufi amewahi kupiga magoti akikitafuta kipande kama hicho miongoni mwa vinyweleo vya mbao, ili akirudishe kwa gundi kabla hakijapotea. Sasa Kiswahili ni lugha ya silabi wazi: maneno yake ya asili huishia kwa irabu, na irabu a imejaa kila mahali. Tazama baadhi ya majina yaliyotundikwa katika Animal Kingdom na katika hoteli yake: Dawa, Tamu Tamu, Sanaa, Boma, Harambe. Kiingereza kingempa fundi mapumziko ya konsonanti mbili tatu mfululizo. Kiswahili hakimpi.

Kuna pia suala la nafasi kati ya herufi, ambalo rula haiwezi kulitatua. Katika neno DAWA, mteremko wa A hulingana na mteremko wa W kama paa mbili zilizopinduliana, hivyo zikipangwa kwa rula huonekana kusogeleana vibaya au kuachana, kulingana na herufi jirani. Fundi hodari hupanga kwa jicho. Husogea nyuma hatua kumi, akafumba jicho moja, akarudi na kuisogeza herufi upana wa ukucha. Na kazi hiyo yote hutegemea kitu ambacho hakichongeki, yaani kivuli. Herufi ya kuzama husomwa kwa kivuli kinacholala katika mteremko wake mmoja. Kibao kinachoelekea upande usiopata jua huwa bubu, ndiposa herufi zake hupakwa rangi au huvikwa dhahabu iliyofuliwa hadi ikawa nyembamba kuliko karatasi yoyote, dhahabu ambayo haishiki kutu hata baada ya miaka mingi ya mvua.

Isidhaniwe kwamba vibao vyote vya mbao ni vya mbao. Unyevu wa Florida huvimbisha ubao, jua huukausha, na baada ya misimu michache viungo huachana. Kwa sababu hiyo mafundi wengi wa vibao sasa hutumia povu gumu la plastiki ambalo halivimbi wala halilowi. Mashine inayoongozwa na kompyuta hukata herufi, na mchongaji hubaki na kazi ya kuzimalizia kwa mkono. Povu hilo halina nyuzi. Basi mchongaji huketi akazichonga nyuzi za mti, mstari mmoja baada ya mwingine, pamoja na vifundo na nyufa, juu ya kitu ambacho hakijawahi kuwa mti. Mti wa Uzima uliosimama katikati ya bustani hiyo hiyo, wenye urefu wa futi 145, umejengwa juu ya mifupa ya chuma ya aina itumiwayo kuchimba mafuta baharini, na magome yake ni plasta. Wachongaji walioweka sura zaidi ya 300 za wanyama katika shina lake walikuwa na kati ya saa 6 na saa 10 tu kwa kila sehemu kabla plasta haijakauka. Mchongaji wa mbao hajui haraka ya namna hiyo, kwani mbao humngoja. Plasta haimngoji mtu.

Kuuzeesha ubao

Kibao kikimalizika, kikiwa safi, kingo zake kali na herufi zimenyooka, fundi huanza kukiharibu. Hii ndiyo sehemu ya kazi inayomshangaza kila anayeingia katika ufundi huu akitoka katika useremala wa kawaida. Ubao hupigwa kwa minyororo ili upate mibonyeo. Husuguliwa kwa brashi ya waya ili nyuzi laini zitoke na zile ngumu zibaki kama mishipa ya mkono wa mzee. Huunguzwa juujuu kwa moto wa gesi. Hupakwa rangi moja juu ya nyingine, kisha rangi ya juu ikakwanguliwa mahali ambapo mikono ya watu ingeigusa au mvua ingeipiga, ili ya chini ichungulie. Chini ya kila msumari hupakwa mchirizi wa kahawia unaoiga kutu. Fundi lazima afikiri kama hali ya hewa: jua latoka wapi, maji ya paa yatadondokea upande gani, mtoto atapitisha kidole wapi. Akikosea, na ubao ukachakaa mahali ambapo hakuna kinachoweza kuuchakaza, mgeni hatajua ni kitu gani, lakini hataamini.

Rohde na wenzake waliipa hali hiyo ya uchakavu uzito mkubwa, na ndiyo sababu Harambe haifanani na vijiji vya picha za watoto. Vibao vyake havikutengenezwa kwa njia moja: vingine vimeandikwa kwa rangi moja kwa moja ukutani, kama kwenye vioski vyetu. Mafundi wa Kizulu waliletwa kutoka Afrika Kusini kuezeka mapaa kwa nyasi. Katika mambo hayo juhudi inaonekana, na si haki kuibeza.

Pamoja na hayo, mtu aliyewahi kutembea katika vichochoro vya Lamu atauona upinzani mmoja. Mlango wa Lamu au wa Unguja huchongwa ili uwe mpya. Fundi huchagua mbao ngumu kama vile mvule, mbambakofi au msaji, akachora nakshi za maua na minyororo kwenye miimo na mfaa, na katika kizingiti cha juu pengine aya, jina la mwenye nyumba au mwaka wa kujengwa. Uzee huja baadaye, na huletwa na chumvi ya bahari na mabega ya wajukuu. Mji huo uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, kwa kiasi fulani kwa sababu ya kile ambacho fundi wa Florida hukitengeneza katika muda wa siku mbili kwa mnyororo na brashi.

Upinzani wa pili ni wa usomaji. Maandishi ya kizingitini yalichongwa mahali ambapo palikuwa na watu wa kuyasoma. Haimaanishi kwamba kila mchongaji wa pwani alikuwa mwanachuoni. Lakini kama herufi ingerukwa, maalimu wa mtaa angepita hapo kabla ya adhuhuri na kuiona. Mchongaji alichonga mbele ya wasomaji. Yule wa Florida huchonga mbele ya watazamaji, na mtazamaji haoni herufi iliyorukwa.

Mikono ya Coney Island

Si mara ya kwanza kwa ufundi wa maandiko matakatifu na ufundi wa mchezo kukutana katika mkono mmoja. Huko Coney Island, mjini New York, mahali ambapo burudani za kulipia za Marekani zilikulia, Charles Looff alijenga mwaka 1876 jukwaa la kwanza la farasi wa mbao linalozunguka, lile ambalo watoto wetu wanalijua katika maonyesho ya kilimo. Miongoni mwa wachongaji waliomfuata walikuwamo Wayahudi kutoka Ulaya Mashariki. Huko kwao ufundi wa kuchonga ulikuwa na makao katika masinagogi: simba wawili wanaolinda mbao za Amri Kumi, na makabati ya kuhifadhia Taurati. Walipofika New York wengine waliendelea na kazi hiyo huku wakichonga farasi wa mchezo. Marcus Illions, mzaliwa wa Lithuania, ndiye mashuhuri zaidi kati yao, na farasi wake hutambulika hadi leo kwa manyoya yao yanayopeperuka. Mwaka 2007 makumbusho ya sanaa ya jadi ya Marekani mjini New York iliandaa maonyesho yaliyowaweka simba wa sinagogi na farasi wa mchezo bega kwa bega, na undugu wao ulionekana wazi.

Tofauti ni kwamba Illions alikuwa na uwezo wa kuzisoma herufi za Amri Kumi. Tena aliweka jina lake juu ya baadhi ya farasi wake. Mchongaji wa vibao vya leo haweki jina popote, kwa sababu jina lake lingeivunja hadithi: kibao kinadai kimechongwa na mwenyeji wa bandari ya Harambe, si na mtu wa Florida. Baada ya Disneyland kufunguliwa huko California tarehe 17 Julai 1955 na kuwa kielelezo cha bustani nyingi zilizofuata, kutojulikana kwa fundi kumekuwa sehemu ya kazi yenyewe.

Kiswahili cha vibaoni

Mtu akivisoma vibao hivyo kwa jicho la mwanaisimu hugundua kwamba havina hali moja. Baadhi ni vizuri kuliko inavyotarajiwa. Ziwani Traders ni duka ambalo lingeweza kusimama Nairobi kesho, pasipo mtu kugeuza shingo; Ziwani ni mtaa wa Nairobi, na mchanganyiko wa jina la Kiswahili na neno la Kiingereza la biashara ndio hasa mtindo wa vibao vyetu. Dawa Bar ina mzaha ndani yake. Mgeni huelezwa kwamba dawa ni tiba, lakini Mkenya anajua kwamba katika mabaa ya Nairobi dawa ni kinywaji cha vodka, ndimu na asali. Aliyelichagua jina hilo alikuwa ameketi mahali panapofaa.

Mengine humfanya msomaji asite. Hoteli Burudika ina kitenzi mahali ambapo mtu angetarajia kirai, Hoteli ya Burudani. Hata hivyo inawezekana kukisoma kitenzi hicho kama amri, na amri katika majina ya vibanda vya chakula si kitu kigeni kwetu. Katika hoteli ya bustani hiyo, ambayo sehemu yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka 2001 na sasa huitwa Jambo House, chumba cha mazoezi ya viungo na ukandaji kilipewa jina Zahanati. Neno limeandikwa sawasawa, herufi kwa herufi. Ila msomaji wa kijijini angefika pale na kadi ya kliniki.

Mwaka uliochongwa nao una hadithi. Harambe inasemekana kujipatia uhuru mwaka 1961, na neno Uhuru pamoja na mwaka huo huonekana kutani. Mji umebuniwa kwa sura ya Lamu, lakini mwaka ni wa Tanganyika, iliyopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Kenya ilingoja hadi tarehe 12 Desemba 1963. Kwa mji wa kubuni hilo si kosa. Ni ushahidi tu kwamba herufi na tarakimu za kibaoni huchaguliwa mbali na mahali zinapotoka.

Mfano unaohitaji kuangaliwa kwa makini zaidi ni Pangani. Njia ya miguu ya kutazamia sokwe wakubwa iliitwa Pangani Forest Exploration Trail, na maelezo yaliyosambazwa kwa wageni yalifasiri Pangani kuwa mahali penye haiba ya kichawi. Kiswahili hakina maana hiyo. Pangani ni mji na mto nchini Tanzania na mtaa wa Nairobi. Jina lilikuwa halisi, tafsiri ikawa ya kubuni, na kibao kilizibeba zote mbili bila kuonyesha mshono. Mwaka 2016 jina hilo liliondolewa na mahali pake pakaitwa Gorilla Falls. Kwa kubadilisha kibao, tafsiri potovu iliondoka, na neno sahihi likaondoka nayo.

Irabu mbili na mkono unaovuta

Turudi kwenye e. Katika Kiswahili, irabu inayofuatana na mwenzake si pambo. Ukimpa mchongaji asiyejua lugha mchoro wa neno SANAA, jina la mkahawa katika hoteli hiyo hiyo, atashuku kwamba A mbili za mwisho ni kosa la mchoraji. Akiiacha moja ili kujiokoa na ile pembetatu ndogo, sanaa itakuwa sana. Kidokezo cha ng' ni hatari vivyo hivyo, kwani kwa fundi ni alama ndogo inayofanana na mkwaruzo: ng'oa ni kung'oa, ngoa ni wivu au uchu. Mbele ya maneno kama hayo fundi mzuri kuliko wote hana kinga ila kuifuata karatasi. Kwa hiyo kosa, likiwapo, liko kwenye karatasi, na yeye hulichonga kwa ustadi ule ule anaochongea lililo sahihi. Ustadi huo ndio unaolifanya kosa liaminike.

Jina Harambe halikuanzia kwa patasi. Ni waliobuni mji walioliandika hivyo, na pengine hawakukosea kwa mujibu wa mahesabu yao. Msomaji wa Kiingereza akiona ee hutamka i ndefu, na harambee ingekuwa harambii kinywani mwake. Tena tahajia ya e moja imezoeleka Marekani: gorila dume aliyepigwa risasi katika bustani ya wanyama ya Cincinnati tarehe 28 Mei 2016, baada ya mtoto kuangukia ndani ya makazi yake, naye aliitwa Harambe.

Lakini hasara yake inapimika kwa kanuni inayofundishwa mwaka wa kwanza. Mkazo wa Kiswahili huwa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Katika ha-ra-mbe-e mkazo ni juu ya mbe, na e ya mwisho huupokea na kuurefusha. Ondoa e moja, na mkazo hurudi nyuma hadi ra: ha-ra-mbe. Neno hili ni wito wa watu wanaovuta au kuinua kitu kizito kwa pamoja. Kiongozi huita, na katika ile irabu ndefu ya mwisho mikono yote huvuta. Mzee Jomo Kenyatta alipolifanya kuwa wito wa taifa mwaka 1963, na lilipoandikwa katika utepe wa nembo ya Kenya, liliandikwa likiwa na e zote mbili. Katika umbo la Florida wito unaanza, unapanda, kisha unakatika pale ambapo kamba ingekazwa.

Swali ambalo mwanafunzi angeweza kuuliza ni kwa nini e hiyo isiongezwe tu. Karatasini hilo ni jambo la sekunde moja. Katika kibao cha kuchongwa, mambo ni haya. Neno limepangwa katikati ya ubao, likiwa na nafasi sawa pande zote mbili. Tuseme kila herufi pamoja na nafasi yake inachukua sentimita 20. Herufi saba zimetumia sentimita 140, na ya nane inadai 160. Ikiwa ubao una upana huo, bado neno lote litakuwa limeegemea upande mmoja, na kila mpita njia ataona kwamba kuna kilichobandikwa. Fundi anaweza kukata kipande, akapachika kiraka cha mbao kinachofanana nyuzi na rangi, na kuchonga upya sehemu hiyo, njia ambayo maseremala huitumia penye kosa la herufi moja. Lakini hapa herufi zote hazina budi kusogea kushoto kwa sentimita 10. Basi huchukua randa, akaupunguza uso wote wa ubao hadi kufikia chini kabisa ya mikato ya zamani, mpaka HARAMBE yote iishe na ubao ubaki mweupe. Hapo huomba karatasi nyingine.